Udhuru wa Muadhini

Ukimuuliza Muadhini ni saa ngapi, hakukujibu ameketi. Aliinuka kwanza, akatoa saa yake ya mnyororo katika mfuko wa kizibao, akaitazama, akalitazama jua, ndipo akakwambia. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawezi kunitajia saa huku amekaa kwenye cherehani yake kama mafundi wengine. Akasema, "Dresa, wakati si mali yangu. Cha mwenyewe hukitoi umekaa."

Nilikuwa jirani yake Rwamishenye kwa miaka kumi na moja. Mimi ni Mkatoliki wa upande wa Rubya. Nilikuja mjini Bukoba baada ya Vita vya Hitila kufanya kazi ya udresa katika hospitali ya serikali, yaani kufunga vidonda, kuchemsha sindano na kupima mikojo ya wagonjwa. Kati ya nyumba yangu na yake palikuwa na mistari mitatu ya migomba, basi. Alikotoka sikupata kujua. Wengine walisema Pwani, wengine Tabora. Ukimuuliza mwenyewe alisema, "Nimetoka msikitini sasa hivi," akaendelea kushona.

Msikiti wenyewe ulikuwa mdogo, wa matofali mabichi na bati, na yeye ndiye aliyeadhini pale tangu ulipoezekwa. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba, tena kavu kidogo, lakini ilifika mbali. Mama yangu alipokuja kunitembelea alikuwa akiacha kumenya ndizi mpaka imalize, ingawa hakuelewa neno hata moja na rozari yake ilikuwa shingoni. Ukimsifu Muadhini kwa sauti hiyo alikasirika. Lakini nilimwona mara nyingi akitafuna tangawizi mbichi kabla ya kwenda, akikohoa nyuma ya nyumba, akijaribu koo lake taratibu pale ambapo hakudhani kuna mtu.

Mtu huyo aliyehesabu dakika za sala, nguo za watu hakuzimaliza kwa wakati hata mara moja. Kanzu ya Idd iliyoahidiwa wiki moja kabla ilitoka asubuhi ya Idd yenyewe, kola bado ina uzi wa kupigia bandi. Wateja walinung'unika wakarudi tena, kwa sababu mshono wake haukufumuka. Alikuwa mchoyo wa uzi na karimu wa chai. Uzi uliobaki kwenye sindano aliufungua akauviringisha kwenye kijiti. Chai aliimimina kwa kila aliyepita, na sukari aliitia mwenyewe, vijiko vinne kwa mgeni na vitano kwake. Alisema chai isiyo na sukari ni maji ya kunawia miguu.

Mkewe alikufa kabla sijahamia pale. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Muleba na mfanyabiashara wa ngozi, na alikuja mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo katika nyumba ile palikuwa na yeye, cherehani na paka. Jioni alikaa barazani na vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha yeyote atakayetokea. Mara nyingi aliyetokea ni mimi.

Nasema haya ili ieleweke alikuwa mtu wa kuonekana. Kisha akaacha kuonekana.

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa mvua za masika. Aliadhini kama kawaida, akatoka kwa mlango wa pembeni kabla ya hotuba, akaenda nyumbani, akafunga. Alasiri hakuadhini. Magharibi hakuadhini. Kesho yake walimtuma kijana mmoja wa msikitini kumwita, naye akajibu kupitia dirishani, "Tafuteni mwingine." Hakusema neno jingine.

Watu wakajaza wenyewe alichokiacha wazi. Siku chache nyuma yeye na imamu walikuwa wamebishana kuhusu saa. Imamu alitaka kufuata saa ya bomani, na Muadhini akasema saa ya bomani inafuata matumbo ya makarani, wala haifuati jua. Walicheka wote wawili siku ile. Sasa ugomvi ule wa mzaha ukawa ugomvi wa kweli. Ilisemwa Muadhini ana kiburi, amesusa nyumba ya Mungu kwa ajili ya tofauti ya dakika saba. Imamu mwenyewe aliamini hivyo. Alikwenda mara mbili akabisha hodi, mara zote mbili hakufunguliwa, na mara ya tatu hakwenda. Alikuwa mpole, na wapole wakiumia huumia kwa muda mrefu.

Wakaweka muadhini mwingine, kijana mwenye sauti nzuri.

Halafu kukaja vitambaa. Nyuma ya nyumba ya Muadhini, mahali ambapo migomba ilimficha asionekane barabarani, palikuwa na kamba, na kwenye kamba kulianikwa kila asubuhi vipande vya marekani vilivyokunjwa mara nne na kupigwa mshono pembeni, vizuri, mshono wa fundi. Vilikuwa sita, baadaye kumi. Mwanamke mmoja aliyepita kukata majani ya mgomba aliviona akasema ni winda za mtoto mchanga. Basi ikawa hivyo, kwamba Muadhini ana mwanamke ndani na mtoto wa haramu, ndiyo maana haendi msikitini. Wateja wakapungua. Mzee yule akawa anashona nguo za watu wasiomjua, zinazoletwa kutoka sokoni na kuchukuliwa kesho yake.

Mimi niliviona vitambaa vile kabla ya yule mwanamke. Niliviona na nikajua si vya mtoto, kwa sababu kazini niliona vya namna ile kila siku, na harufu yake naifahamu. Na bado nilipita. Nilijiambia mzee ana haki ya siri yake. Ukweli ni kwamba niliogopa aibu ambayo ingetupata sote wawili kama ningetaja. Nilipita hivyo karibu mwaka mzima. Jioni niliona taa yake kupitia migomba, na kikombe kimoja barazani, kisha hata hicho hakikuwapo.

Kilichonipeleka kwake hatimaye ni paka. Alikuja kwangu siku mbili mfululizo akilia njaa. Siku ya pili nilivuka migomba nikasukuma mlango.

Muadhini alikuwa kitandani, amekonda mikono na uso, lakini tumbo limesimama chini ya shuka kama la mama mjamzito. Chumba kilikuwa safi. Kando yake palikuwa na mtungi wa maji, kata, na ndoo yenye mfuniko. Hakunifukuza. Alitazama ukutani.

"Tata, niguse?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa Kihaya.

"Gusa. Umeshaingia."

Niliweka mkono chini ya kitovu. Palikuwa pagumu na mviringo, kama tikiti. Nilijua ni nini, kwa sababu nilikuwa nimewaona wazee waliozibwa mkojo, na wale hulia machozi ukiwagusa hapo. Nilibonyeza.

"Inauma?"

"Hapana."

"Unasikia haja?"

"Hapana, Dresa. Sijasikia haja tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Kutoumwa kwake kuliniogopesha kuliko ambavyo maumivu yangeniogopesha. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, naye akaanza kusema, huku bado anatazama ukutani. Alisema zamani alikuwa akienda chooni kila mara, akinywa maji na kuyatoa, akinywa na kuyatoa. Baadaye haja zikapungua akashukuru, akadhani amepona. Kisha siku ile ya Ijumaa, akiwa amesimama anaadhini, aliona mkeka una maji. Alidhani mtu amemwaga birika. Alipomaliza na kuinama kutazama, akaona maji yanatoka kwake.

"Mtoto akijikojolea hulia, maana anajua," alisema. "Mimi sikujua. Nimesimama mbele ya watu, namwita Mungu, na mwili wangu umeniacha bila kuniaga."

Na halikuwa hilo tu. Tumbo la chini nalo lilikuwa limeharibika. Siku nne au tano hapiti choo kabisa, kisha siku nyingine linafunguka bila taarifa, na akiamka hukuta shuka imeshachafuka. Kwa hiyo aliacha kula mchana. Kisha akaacha kula karibu kabisa, akawa anaishi kwa chai, na sukari ndani yake, vijiko vitano.

Nilichukua mkojo kidogo kwenye kichupa nikaenda nao kazini. Tulikuwa na dawa ya buluu, unaichanganya na matone ya mkojo na kuipasha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mtu ni mzima. Ikigeuka kijani, kuna sukari. Ya Muadhini haikukaa kwenye kijani hata kidogo. Iligeuka rangi ya tofali lililochomwa.

Nilitaka alazwe hapo mjini. Akakataa. "Bukoba wananijua," alisema. "Nipeleke kwa watu wasiowahi kunisikia."

Nikampeleka Rubya, hospitali ya misheni, kwa lori la kahawa lililokuwa likirudi tupu. Tulikaa nyuma juu ya magunia matupu. Njia ilikuwa mbaya, na kila shimo lilimtikisa, na kila kutikisika kulitoa kidogo. Tuliposimama njiani mwenye lori alikuja nyuma akaona magunia yamelowa, akauliza kwa ukali ni nani. Nikasema kibuyu changu cha maji kimevuja. Alinitukana kwa Kihaya, matusi ya uzembe, ya kawaida tu. Tulipoondoka tena Muadhini aliweka mkono wake juu ya goti langu akauacha hapo mpaka tulipofika.

Daktari wa pale alikuwa Mzungu mtu mzima mwenye Kiswahili cha polepole. Alimtia mpira, na mkojo ukajaza bakuli, bakuli la pili, na nusu ya tatu. Aliutoa kwa vituo, hakuutoa wote kwa mkupuo. Kisha akavuta kiti akaongea na Muadhini mwenyewe. Hakuongea nami juu ya kichwa chake, kama wengi wafanyavyo.

"Mzee, kuna misuli unayoiamrisha, kama ya mkono," alisema. "Na kuna misuli isiyongoja amri yako, ya utumbo, ya kibofu. Hiyo hufanya kazi kwa habari inayoletwa na mishipa ya fahamu. Kibofu kikijaa, mshipa hupeleka habari, na msuli hukaza. Wewe una ugonjwa wa sukari, tena wa miaka mingi. Sukari ikizidi katika damu hula mishipa hiyo. Kibofu chako kinajaa na hakuna anayeambiwa. Kinatanuka, msuli unalegea, na kinachozidi kinajimwagikia. Utumbo ni hivyohivyo. Unalala, kisha unashtuka."

"Kwa hiyo si adhabu," alisema Muadhini.

"Mimi ni daktari. Naona sukari."

"Na itapona?"

"Mshipa uliokufa sidhani. Lakini tunaweza kuzuia isizidi. Sindano kila siku. Sukari uache. Na usingoje haja, kwa sababu haitakuja. Utakojoa kwa saa. Kila baada ya saa tatu au nne, usikie au usisikie, unaenda, unabonyeza tumbo kwa viganja mpaka kiishe."

Muadhini aliinua kichwa akamtazama. "Kwa saa," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nivuke migomba, akacheka, kicheko kidogo kikavu. Alimwomba daktari asubiri, akaitafuta saa yake chini ya mto, wakapanga pamoja: kabla ya alfajiri, kabla ya adhuhuri, kabla ya alasiri, kabla ya magharibi, kabla ya isha, na mara moja katikati ya asubuhi na moja usiku wa manane kwa ajili ya myanya mirefu. Sijawahi kumwona mgonjwa aliyeshika amri ya daktari kama yeye. Kwa miaka yote niliyomfahamu baadaye kibofu hakikujaa tena namna ile. Kuvuja kulipungua. Hakukuisha.

Tuliporudi Rwamishenye nilimwomba ruhusa nimwambie imamu. Alikataa wiki mbili. Nilikuwa nakwenda kwake kila asubuhi kabla ya kazi kumchoma sindano. Dawa tuliihifadhi kwenye chungu chenye mchanga wenye maji, na meli ya Mwanza ikichelewa tulikaa bila dawa na kuomba. Asubuhi moja, nikiwa nimeshika sindano, akasema, "Mwambie. Mimi sitaweza kulitamka mara ya pili."

Imamu alikuja siku hiyohiyo. Nilitaka kuondoka, Muadhini akasema nikae. Imamu aliketi sakafuni karibu na cherehani, akasema, "Maalim, mwenye udhuru hutawadha wakati ukiingia, akajifunga kitambaa, akasali, na sala yake ni sahihi. Hili ulilijua. Mimi mwenyewe nimekusikia ukimfundisha yule mzee wa Kashai aliyekuwa na ugonjwa kama huu."

"Nililijua."

"Basi kwa nini?"

"Yule mzee hakuwa mimi."

Imamu alifunika uso kwa mikono yake miwili. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilidhani umenichukia. Mwaka mzima nasalisha nikijua kuna mtu nyuma ya migomba ananichukia."

"Na mimi nilidhani umeona mkeka."

Hakuna aliyekuwa ameuona mkeka. Mvua ilikuwa imenyesha, na miguu ya watu ilikuwa imelowa yote.

Ningependa kusema kwamba alirudi kuadhini. Imamu alimsihi, na kijana mwenye sauti nzuri alikuja kumpigia magoti. Alikataa kwa upole. Alisema kijana aachwe, kazi imepata mwenyewe. Alirudi msikitini, lakini alisali mstari wa mwisho, karibu na mlango, na alikuwa wa kwanza kuondoka. Baadhi ya wateja walirudi. Yule mwanamke wa majani ya mgomba alimletea kuku, hakueleza kwa nini. Lakini barazani hakukaa tena na vikombe viwili. Nilipokwenda jioni aliniletea kikombe, kisha akangoja niondoke. Aliogopa harufu, hata siku ambazo haikuwapo. Nilimwambia mara nyingi kwamba sisikii kitu. Alisema, "Wewe ni dresa. Pua yako imesomea."

Macho yake yalipoanza kufifia binti yake alikuja kumchukua, wakahamia Muleba. Cherehani waliiuza. Paka alibaki kwangu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa nakwenda Rubya kumzika mjomba, na lori lilisimama Muleba kupakia. Mkwewe alikuwa sokoni, akanitambua, akasema, "Mzee hayupo nyumbani. Yuko kule kibanjani, kwenye shamba la migomba, kwa mama mmoja. Huenda kila Jumatano, anaongozwa hadi njia panda, halafu anapapasa mwenyewe." Akanionyesha njia.

Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda cha nyasi pembeni kabisa ya migomba, fimbo mkononi. Nilipomsalimu alinijua kwa sauti. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba ndani kuna mama wa Kihaya, bado si mzee, aliyerudishwa na mumewe kwa kaka yake. Anakunywa maji mtungi mzima kwa siku na hawezi kujizuia. Kaka yake alimjengea hapa nje kwa sababu ya harufu, na watu wanasema amerogwa. Chakula huachwa mlangoni. Hajafungua mlango kwa mtu yeyote tangu mavuno ya kahawa.

"Wiki ngapi unakuja?" nilimuuliza.

"Hii ya sita."

"Amewahi kujibu?"

"Bado."

Akaugeukia mlango, akaanza kusema kwa Kihaya kibovu, Kihaya cha mjini, akichanganya na Kiswahili. Hakutaja dawa wala Mungu. Alimweleza habari zake mwenyewe, zote, mkeka, shuka, vitambaa, uvumi wa mtoto, magunia ya lori. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, pale nje, mchana, watu wakipita njiani na mizigo yao. Mambo ambayo kwangu aliyasema mara moja tu akitazama ukutani, kumbe alikuwa ameyasema hapa mara sita. Alipokwama kwa neno la Kihaya la kibofu, nilimsaidia.

Alipomaliza tulingoja. Kuku alipita. Mbali nikasikia lori likipiga honi.

Kisha ndani kitu kikasogezwa, kizito, kikikwaruza ardhi. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Sikuona mtu, nilisikia sauti tu, ya mwanamke ambaye hajazungumza kwa muda mrefu, ikiuliza kwa Kihaya huyo mwingine ni nani.

"Ni dresa," alisema Muadhini. "Ni rafiki yangu."

"Ana ugonjwa huu?"

"Hana."

"Basi abaki nje," ilisema sauti. "Wewe ingia."

Alipapasa kizingiti kwa fimbo, akainama, akaingia. Mlango ukafungwa. Nilisimama pale uani kwa muda nikisikiliza sauti zao mbili bila kuyashika maneno, mpaka lori lilipopiga honi ya pili, nikaondoka.